Rehema, mama yako yuko mtandaoni

Mwanza, Jumapili usiku

Rehema wangu,

Dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako. Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Umecheka? Bado nakumbuka yote tuliyokuwa tukiandikiana bwenini. Haya, tuache utani. Nimekurekodia voisi mara tatu na mara tatu nimezifuta, maana nikijisikiliza nasikia mtu mwenye kosa. Na kosa ninalo kweli. Najua pia kwamba nimenyamaza tangu Idi, na kwamba ule ujumbe wako wa mtoto kuumwa niliujibu kwa kidole gumba tu. Nisamehe. Keshapona?

Jambo lenyewe ni hili: mama yako yuko mtandaoni. Niliyemweka ni mimi. Mwenyewe hajui.

Usipige simu kwanza, soma mpaka mwisho.

Unajua nilikwenda Lushoto Julai, namba ya kaka yako ulinipa mwenyewe. Ambalo sikukwambia ni kwa nini nilikurupuka vile. Pasaka tuliuza safari ya Lushoto kwa walimu kumi na wanne. Tangazo nililipamba kwa picha ya mwamba wa Irente niliyoiokota tu mtandaoni, bonde lote linaonekana, mashamba ya mkonge ya Mazinde kule chini, nyika ya Umasai haina mwisho. Mimi Irente nilikuwa sijawahi kuikanyaga. Masanja wa ofisini kwetu akawapeleka. Siku mbili ndani ya Coaster, wanafika kwenye ule mwamba, mbele yao hakuna kitu, ukungu mweupe kama shuka la hospitali. Mwalimu mmoja akaupiga picha ule weupe, akauweka chini ya tangazo langu: "Bonde la Kabula hili hapa." Nilitaka kufuta, Masanja akasema ukifuta ndiyo umekiri. Ikakaa. Ilipata laiki kuliko posti yangu yoyote ya mwaka huu.

Na posti zangu unazijua. Simba wa kuazima Google, jua linazama nyuma ya Bismarck Rock, boti ya Saanane, "karibuni sana, bei inbox". Hiyo bei inbox, Rehema, sijui nani alituroga mawakala wa nchi hii. Mtu anauliza Serengeti ya siku moja kwa kupitia lango la Ndabaka ni shilingi ngapi, unamwambia aje inbox kama vile ni siri ya ndoa. Haji. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa nililipiga picha pande zote, kilometa tatu juu ya maji, watu wakapenda mpaka basi. Aliyekata tiketi hakuna hata mmoja. Masanja naye akaenda kununua wafuasi elfu tano. Majina yao kuyasoma tu siwezi, na hakuna aliyewahi kuulizia safari ya Ukerewe. Ndipo nikasema naenda Lushoto mwenyewe, na macho yangu.

Njiani sikuchoshi napo. Shinyanga, Singida, Hanang tumeuzunguka nasinzia, nikalala Moshi, kesho yake nikashuka Mombo jasho linanitiririka. Halafu zile kilometa 33 za kupanda! Konda anakula karanga, mimi nimeng'ang'ania kiti cha mbele nikiomba dua za dini zote. Soni nikafungua dirisha, ikaingia hewa kama ya friji. Kichekesho ni kwamba sisi wenyewe huku ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari na Lushoto ni kama 1,400 tu, hatupishani sana. Lakini nenda kamwambie hivyo mtu anayetetemeka kwenye stendi ya Lushoto na kandambili miguuni.

Mama aliniona nilivyo, hakuuliza kitu, akanitolea lile sweta la kijani la marehemu baba. Shikamoo yangu aliijibu huku ananivalisha. Nikamfundisha kusema "mwangaluka", salamu yetu ya asubuhi ya Kisukuma, akawa ananiamkia hivyo hata saa mbili usiku.

Sasa video. Jioni ile alikuwa anamenya viazi, mimi namsimulia habari ya walimu na ukungu wao, yeye anacheka. Nikamwambia, "Mama, nakurekodi kidogo." Akasema, "Rekodi." Ni hivyo tu, Rehema. Sasa nafikiri alidhani ni ya kukutumia wewe. Hapo ndipo roho inaponiuma, na kila nikijitetea narudi hapo hapo.

Akasema (huna haja ya kuitafuta, nimeikariri): "Pasaka ni masika. Upepo unatoka baharini na maji yake, unagonga milima, hauna pa kupita, unapanda, ukipanda unapoa, ndio ukungu huo. Ninyi mnakuja masika halafu mnaulaumu mlima. Mlima uliwaita? Na mkija wakati mzuri, asubuhi msiwe na haraka. Kaeni, mnywe chai, utaondoka wenyewe. Halafu mkifika Irente msiligeuzie bonde migongo. Mtu katoka huko mbali, analigeuzia bonde mgongo, anajitazama kwenye simu. Sasa kaona nini?" Na kile kisu kinaelekea kwangu muda wote.

Sekunde arobaini na nane. Nikaiweka nikiwa stendi kesho yake, TikTok na Instagram, na kwenye status ya WhatsApp. Na kwa mara ya kwanza tangu tufungue ofisi nikaandika bei hadharani: nauli, kulala, chakula, kilichomo na kisichomo, na mstari wa mwisho, ukungu haurudishiwi hela. Kufika Same simu ilikuwa ya moto. Wiki ile tulipata maswali thelathini na moja ya maana, ya watu waliokuwa na tarehe kichwani, na kumi na tisa wamelipa nusu. Mwalimu yule wa Pasaka naye kaja kaandika, "Huyu bibi alikuwa wapi?" Kwenye simu ya ofisi nina lebo tatu: kalipa, hajalipa, anapiga soga. Kwa mara ya kwanza ya kalipa ndiyo ndefu.

Ningekuwa mwizi mwenye furaha ingeishia hapo. Lakini wiki iliyopita wakala mmoja, simtaji, kaichukua ile video, kakata jina langu, kabandika namba yake: "Lala kwa Bibi wa Lushoto, ule alichopika." Mimi kulala kwa mama sijawahi kuuza! Wageni wangu wanalala gesti mjini. Nikamwandikia aiondoe, likarudi jibu la mashine: "Karibu sana, bei inbox." Nimeiripoti, nasubiri. Nilikuwa nimeshaanza kuandika matusi, na sisi tunaolipia leseni ya biashara ya utalii, ile tunayoiita TALA, kila mwaka tunayo matusi ya kutosha, nikakumbuka ile picha ya Irente. Mwenye nayo hajui hata kama nipo duniani. Nikaifuta. Matusi pia nikayafuta, ingawa mengine yalikuwa mazuri.

Ninachoogopa si wakala. Naogopa siku Noah itakapopiga honi pale kwenu, washuke watu saba na mabegi, waseme tumelipia. Unamjua mama. Hatawafukuza. Atasimama na goti lake lile, awashe moto, awapikie, na atakuambia wewe baada ya miezi mitatu, tena kwa kupitia kwa mtu mwingine. Mimi ndiye niliyefungua hilo geti.

Ndiyo naomba unisaidie. Simu yake ni kitochi, kwa hiyo hajaiona, lakini majirani wana simu kubwa na siku haziko nyingi. Nilitaka nimpigie mwenyewe, na nitampigia, ila nikianza mimi atasema "haya mwanangu, hakuna neno", na sitajua kama kweli hakuna. Kwako hawezi kuficha. Mwambie kila kitu, na la wakala pia. Kaka naye aambiwe: akija mtu anadai kalipia kulala, anipigie hapo hapo, usiku wowote.

Akisema niifute, nitaifuta siku hiyo hiyo. Masanja atalia, atanyamaza. Akikubali ibaki, nataka kila kundi linalokuja kwa sababu yake liwe na fungu lake. Lakini nitampaje? Nikimtumia hela kwenye simu si ataona namlipa kwa kumenya viazi? Au nimnunulie kitu, bati, tangi la maji? Ulisema jiko linavuja, ni lile lile? Na dawa ya goti ananunua nani sasa, wewe au kaka? Na wewe mwenyewe, Rehema, umekasirika? Niambie ukweli, usinitumie kidole gumba, ingawa nastahili. Mtwara joto limepungua? Shemeji karudi?

Kundi langu la kwanza linaondoka Nyegezi Jumamosi alfajiri, kwa hiyo nijibu kabla ya Ijumaa. Nimewaambia wataona Irente. Kwa mama sijawaahidi.

Wako,
Kabula

Nimesahau: sweta bado ninalo mimi. Nilishuka nalo mpaka Mombo, nikalivua ndani ya basi, nikaja nalo Mwanza. Dereva wa Jumamosi atalirudisha pamoja na kilo tano za dagaa wa Kirumba. Mama anakula dagaa wetu, au nimpelekee sangara wa kukausha?