Asante, dada wa buti za mpira

Dada uliyevaa buti za mpira kwenye maonyesho yetu ya farasi hapa Ohio, jina sikukuuliza. Asubuhi nzima niliandikisha watu na kugawa namba za mgongoni, farasi wangu nikamsahau. Raundi za tandiko la Kiingereza nilipita hivyo hivyo. Kufika za kikauboi, lile tandiko zito lenye pembe mbele, mkanda wa kulifunga tumboni mwa farasi ukakatika nikiukaza, na langoni wameshaniita! Ukavua wa farasi wako, ukaufunga, ukapitisha vidole viwili kuona haumbani. "Nenda."

Nikapata utepe mweupe, nafasi ya 4. Kumbe nawe ulijiandikisha raundi ile ile. Namba yako ya mgongoni nilikupa mwenyewe. Asante sana, dada yangu. Mkanda wako ninao, nimeshausafisha.