Risala ya Kikundi cha Ukandaji, Ujiji, kwa Mgeni Rasmi Siku ya Kuhitimu Mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata na mtaa, wazee wetu, wahitimu, ndugu wananchi,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tukiwa wazima. Karibu sana Ujiji, Mheshimiwa. Tunajua ratiba yako imebana na ungeweza kutuma mwakilishi, kama ilivyowahi kutokea. Umekuja mwenyewe, na hilo hatutalisahau.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Kikundi hiki kilianza na akina mama 6 chini ya mwembe, wakifundishwa na mama yetu mmoja aliyestaafu kazi ya tiba ya viungo hospitalini. Ujiji ni mji wa mabega. Hapa wapagazi walijitwisha pembe za ndovu kwenda pwani, na hata reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo ya ziwani iliendelea kupanda vichwani na mabegani mwa watu. Historia ni ndefu, tuiache hapo.

Mafanikio yetu ni makubwa. Leo wanahitimu 14, vijana wa kiume wakiwa 5, na kufanya wahitimu wote kufikia 31. Tuna vitanda 2 vya kukandia vilivyochongwa na fundi wa hapa hapa, tuna akaunti benki, na mhitimu wetu mmoja anawakanda wageni wa hoteli mjini wanaorudi Gombe na magoti yanayouma baada ya kupanda milima wakiwafuata sokwe. Tunasema bila kusita kwamba kikundi hiki sasa ni nguzo ya utalii wa mkoa wetu.

Kazi yenyewe si kupaka watu mafuta tu. Kwa miezi 3 mwanafunzi anajifunza misuli na mifupa, kukata kucha, kupasha mafuta ya mise, yaani ya kokwa za mchikichi, viganjani kabla ya kumgusa mtu, na kufunika kila sehemu isiyokandwa. Zaidi ya yote anajifunza wakati wa kutogusa: homa, kidonda kibichi, mfupa unaoshukiwa kuvunjika. Mwezi uliopita mvuvi mmoja alikuja akitaka achuliwe mguu. Binti aliyempokea, aliyeketi mbele yako leo, aliona kigimbi kimoja kimevimba na kina joto, cha pili kiko sawa. Hakukigusa. Alimweleza kwamba huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na kukikanda kunaweza kuing'oa ikapanda hadi mapafuni. Akamsindikiza hospitali kwa bodaboda, ujira wa siku ile akaukosa. Sisi tunalihesabu hilo mbele ya vitanda na akaunti.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tunaomba utusikilize kwa jambo moja. Hatuna chumba.

Tunafanyia kazi kwenye stoo ya kuazima. Haina dari wala maji, na kati ya kitanda na kitanda tumetundika khanga. Upepo wa ziwa ukivuma, khanga inapeperuka, na mteja aliyelala kifudifudi mgongo wazi anaonwa na kila aliye mlangoni. Wanawake wengi hawawezi kuja mahali kama hapo, na tunawaelewa. Siku za mbalamwezi, boti za dagaa zisipotoka, wavuvi wanatujia kwa pamoja na migongo iliyokakamaa, nasi tunawarudisha nusu yao.

Lipo zito zaidi. Neno masaji limechafuliwa na watu wanaolitumia kufichia biashara nyingine. Mwaka huu wazazi wawili wamewaondoa mabinti zao katikati ya mafunzo. Ujuzi waliupenda, walipokuja kuona mahali, wakakuta pazia. Vyumba viwili vyenye milango, upande wa wanawake na upande wa wanaume, vyenye bomba la maji, ndivyo vitakavyowajibu. Maneno yetu yamekwisha kushindwa.

Mheshimiwa, ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mahafali ya kwanza alituahidi bati na saruji. Tulimpigia makofi, tukamvisha khanga. Wa pili alikuja na mafundi, wakapima kiwanja nyuma ya jengo hili, wakapiga vigingi 4, wakaahidi msingi kabla ya masika. Masika mbili zimepita. Vigingi bado vipo. Kila nyasi zikiota tunafyeka visije vikapotea. Hatumlaumu mtu, majukumu ya viongozi ni mengi. Lakini tunaomba tusiahidiwe mara ya tatu. Kama jambo hili liko nje ya uwezo wako, utuambie leo hapa hapa. Tutakushukuru kwa ukweli wako na tutaendelea kuchangishana.

Tumeshauriwa kuchukua mkopo wa halmashauri, ule unaotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Tunauheshimu, hauna riba. Lakini mkopo hurudishwa kwa kazi, na kazi yetu ndiyo isiyo na pa kufanyikia. Kwa upande wetu tumefyatua tofali 1,800, tumezifunika turubai, na msingi tutachimba wenyewe. Tunaomba bati 40, saruji mifuko 60, na barua ya kututhibitishia kiwanja. Tunaomba na tarehe.

Ugali wa muhogo na migebuka viko tayari. Kabla hujaketi mezani, tunakuomba utembee nasi hatua chache nyuma ya jengo, uvione vile vigingi.

Naomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi