Risala ya walimu wa somo la Biashara kwa Mgeni Rasmi, kilele cha maonesho ya kazi za wanafunzi, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Madiwani,
Maafisa Elimu Kata,
Wakuu wa Shule na wajumbe wa bodi za shule,
Walimu wenzetu, wazazi, walezi na wanafunzi wetu,
Mabibi na mabwana,

Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha katika viwanja hivi. Pili, tunakushukuru wewe binafsi, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kukubali mwaliko wetu na, zaidi ya hapo, kwa kufika. Tunalisema hili kwa uzito wake. Wapo waliokubali na hawakufika, na wapo waliofika wakaondoka kabla risala haijasomwa. Wewe umepita kila meza ya wanafunzi, umeonja siagi ya karanga, umeuliza bei na umelipa. Ahsante sana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi wenyeji wako tunakuomba utusikilize hadi mwisho.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, umoja wetu unawaunganisha walimu wanaofundisha somo la Biashara katika shule za sekondari za pembezoni mwa Jiji la Dodoma, pamoja na wenzetu kutoka wilaya jirani za Bahi na Chamwino. Ulianza kama kundi la WhatsApp la kubadilishana maswali ya majaribio. Leo una katiba, viongozi waliochaguliwa na daftari la mapato na matumizi lililo wazi kwa ukaguzi wakati wowote.

Kuhusu somo lenyewe tutasema kwa kifupi. Michepuo ya biashara ilikuwepo nchini tangu miaka ya 1970, lakini komesi na utunzaji wa vitabu vya hesabu vilibaki masomo ya shule chache na ya wanafunzi waliochagua. Mtaala ulioboreshwa umeyageuza yote hayo. Tangu Januari 2025, mwanafunzi anayeingia kidato cha kwanza anasoma Biashara kama somo la lazima. Sera iliyotufikisha hapo, yaani Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa na Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan hapahapa Dodoma tarehe 1 Februari 2025. Tuliipokea kwa furaha ya kweli. Kwa miaka mingi somo letu lilihesabiwa kuwa la wale waliokosa sayansi.

Mafanikio yetu ni makubwa, Mheshimiwa. Tumeendesha mtihani wa ujirani mwema wa somo la Biashara, ambao umeamsha ari ya taaluma katika shule zote zilizoshiriki. Wanafunzi wetu wanatengeneza sabuni ya maji, batiki, siagi ya karanga na zabibu kavu. Bidhaa hizo zimekwishavuka uzio wa shule na kuuzwa katika mnada wa Msalato, ambako chupa za sabuni ziliisha kabla ya saa saba mchana. Tunalihesabu hilo kuwa ni kuingia rasmi katika soko la ushindani. Aidha, shule kadhaa sasa zina kiduka cha wanafunzi chenye daftari la mauzo linalojazwa kila siku na kukaguliwa na wanafunzi wenyewe. Wazazi mliopo ni mashahidi kwamba watoto wameanza kuwauliza mnaandika wapi matumizi ya nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hayo, tunaomba sehemu kubwa ya risala hii iwe juu ya jambo moja tu. Hatutaomba viti, hatutaomba uzio, wala hatutaomba basi, ingawa mahitaji hayo yote yapo na wakuu wetu wa shule wanayajua. Tunaomba mafunzo kazini kwa mwalimu wa Biashara, na hasa katika eneo la masoko.

Hali ilivyo ni hii. Somo lilipokuwa la lazima, kila shule ilihitaji mwalimu wa Biashara kwa wakati mmoja, na walimu wa fani hiyo walikuwa wachache. Serikali imeendelea kuajiri na tunaishukuru. Hata hivyo, katika shule zetu nyingi kipindi cha Biashara kimeshikwa na mwalimu aliyesomea Jiografia, Historia au Kiswahili. Mkuu wa Shule alimwita ofisini, akamkabidhi kitabu, akamwambia tusaidie. Mwalimu huyo hakukataa. Amejisomea usiku, ameuliza wenzake kwenye simu, na kesho yake ameingia darasani. Tunaomba jitihada yake ithaminiwe, na pia itambuliwe kwamba haiwezi kuchukua nafasi ya mafunzo.

Tunajua upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, na ni mpango mzuri. Chini yake walimu wa somo moja hukutana shuleni katika jumuiya ya kujifunza, hupanga somo pamoja, mmoja hufundisha wengine wakiangalia, kisha hukaa na kujadiliana. Kwa Hisabati au Kiingereza, penye walimu watatu au wanne, tumeshuhudia matunda yake. Lakini mwalimu wa Biashara katika shule zetu nyingi yuko peke yake. Atapanga somo na nani? Nani akae nyuma ya darasa amwangalie, halafu amweleze kwamba mfano wake wa ugavi haukueleweka? Ukisoma taarifa za shule utakuta jumuiya ya somo la Biashara imeandikwa na ina jina la mwenyekiti. Ukiuliza wajumbe, ni mwenyekiti huyohuyo.

Vishikwambi tulivyogawiwa baada ya Sensa ya mwaka 2022 vimetusaidia kupata moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania. Bando tunanunua wenyewe na hatulalamiki. Tunachosema ni kwamba moduli inakueleza maana ya kugawa soko katika makundi ya wateja, ila haiwezi kukupeleka ukakae na mfanyabiashara anayefanya kazi hiyo kila asubuhi.

Tunaomba tutoe mfano, Mheshimiwa, kwa sababu tunaamini ukiliona hili kwa karibu utalibeba kama la kwako. Mwenzetu mmoja, ambaye chuoni alisomea Jiografia, aliwapeleka wanafunzi wake wa kidato cha pili katika Soko la Majengo kujifunza upangaji wa bei. Wakasimama kwenye meza ya mama anayeuza zabibu. Zilikuwa za shamba moja na zimefika kwa gari moja, lakini alikuwa amezipanga mafungu matatu. Mashada mazima yalikuwa mbele kwenye trei. Punje zilizonyofoka aliziweka kwenye sahani kwa bei ya chini. Zilizoanza kulegea zilikuwa kwenye ndoo chini ya meza, zikiwasubiri wauza juisi. Ilipofika saa tisa alasiri akashusha bei ya sahani hadi chini ya ile aliyonunulia. Mwanafunzi mmoja akauliza: mbona kitabu kinasema bei ni gharama ukijumlisha faida, na mama huyu anauza kwa hasara? Mama akajibu mwenyewe, "Mwanangu, kesho hizi hazitakuwa zabibu."

Katika jibu hilo kulikuwa na somo zima la masoko: ubora wa bidhaa kwa madaraja, aina za wateja, bidhaa inayoharibika haraka, na hasara ndogo ya leo inayozuia kubwa ya kesho. Mwalimu wetu aliona kwamba kuna utajiri pale. Alichokosa ni maandalizi ya kuukamata na kurudi nao darasani siku ya pili kama zoezi lenye maswali na vigezo vya kusahihishia. Hayo ndiyo mafunzo tunayoyaomba. Mkoa wetu unavuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na kila msimu tunasikia wakulima wakilia kwamba wamekosa soko. Watoto wa wakulima hao wako madarasani kwetu.

Mifano haiishi hapo. Kibaigwa kuna soko la mahindi linalojulikana ndani na nje ya nchi, na mwanafunzi angeweza kujifunza pale kwa nini lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inamuumiza mkulima na kwa nini sheria imeipiga marufuku. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, wapo mjini na wanafundisha wajasiriamali ufungashaji. Tuna Kampasi ya Dodoma ya Chuo cha Elimu ya Biashara, na tuna Chuo Kikuu cha Dodoma. Vijana wenyewe wanauza nguo kwa picha za WhatsApp na kupokea malipo kwa lipa namba, na mwalimu anapofika kwenye mada ya matangazo ya biashara akaishia kwenye gazeti na redio, darasa linamtazama tu. Wataalamu wote tunaowahitaji wako umbali wa nauli ya daladala au basi dogo. Hakuna aliyetukutanisha nao.

Mahali pengine hili lilifikiriwa mapema. Nchini Marekani, sheria ya George-Deen ya mwaka 1936 iliingiza elimu ya uuzaji katika fedha za serikali kuu. Tangu mwaka 1946 wanafunzi wao wa masoko wana chama chao, DECA, ambamo hushindana kutatua matatizo ya kibiashara mbele ya majaji, wengi wao wakiwa watu wa biashara. Hatusemi tuwaige katika kila kitu. Tunasema kwamba mfanyabiashara kukaa meza moja na mwalimu ni jambo linalowezekana, na kwetu hata gharama yake ni ndogo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba walimu wa Biashara wakutanishwe kwa siku mbili kila muhula katika Kituo cha Walimu, ili yule aliye peke yake shuleni awe na wenzake wa kupanga nao somo, na wakufunzi wa vyuo vilivyopo mjini waalikwe kutusimamia. Tunaomba pia, katika likizo ya mwezi Juni, kila mwalimu apangiwe wiki mbili za kujifunza kazini sokoni, kiwandani au kwa wasindikaji wa zabibu na alizeti, akirudi na mifano ya kufundishia atakayoigawa kwa wenzake wote. Kinachohitajika ni nauli, chakula cha mchana, shajala na posho ya wakufunzi. Tunaomba fedha hizo ziingizwe kwenye bajeti ya mapato ya ndani, kwenye kifungu chake, zisitegemee huruma ya mtu mmoja mmoja.

Tunasema hivyo kwa sababu huruma tumekwisha kuiona, Mheshimiwa, na utuwie radhi tukilitaja hili mbele ya wageni. Katika maonesho ya mwaka jana, mgeni rasmi wa siku hiyo alisimama hapa ulipo, akatuambia mafunzo yatafanyika likizo ya Juni inayofuata, akapigiwa makofi na vigelegele. Tuliambiwa tuandike andiko. Tukaandika. Tukalipeleka kwa mkono, likagongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala yenye muhuri huo tunayo. Tulipofuatilia tukaelezwa kwamba mfumo wa maandiko umebadilika, tuandike upya. Tukaandika upya. Tulipofuatilia tena tukaambiwa mhusika amehamishwa na jalada halionekani. Juni ikapita. Walimu walioahirisha safari za kwao likizo ile wakisubiri mafunzo wameketi hapa mbele yako. Hatumtaji mtu, na tunaamini alikuwa na nia njema. Lakini ahadi ni deni, na deni hili bado halijalipwa.

Katika kusubiri hatukukaa bure. Tulichangishana, tukamwalika mkufunzi mmoja siku ya Jumamosi, tukakaa naye katika darasa tuliloazimwa kuanzia asubuhi hadi jua linazama. Siku hiyo moja tu imebadilisha namna tunavyofundisha mada ya utafiti wa soko. Madodoso uliyoyaona leo kwenye meza za wanafunzi, yale yanayomuuliza mteja anapenda sabuni ya ujazo gani na harufu gani, ni tunda la Jumamosi ile. Walimu wenye mishahara yao wamelipia wenyewe jambo ambalo ni haki yao kazini, na hawawezi kulilipia kila muhula.

Muda nao hautusubiri, Mheshimiwa. Wanafunzi waliolianza somo hili kama la lazima mwaka 2025 watafanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2028. Mwaka huohuo, kwa mabadiliko ya elimu ya msingi kuwa miaka sita, wahitimu wa darasa la sita na wa darasa la saba wataingia kidato cha kwanza kwa pamoja. Mwalimu yule aliye peke yake atakuwa na watahiniwa wake wa kwanza mkono mmoja, na mkono wa pili wimbi la wanafunzi wapya. Mafunzo yakianza Juni ijayo atakuwa amejiandaa. Yakianza mwaka 2028 yatakuwa yamechelewa, na watakaolaumiwa matokeo yakitoka ni sisi.

Andiko letu, lile la kwanza lenye muhuri na la pili lililoandikwa upya, pamoja na mchanganuo wa gharama na orodha ya shule zenye mwalimu mmoja wa Biashara, yamo katika bahasha hii. Tunaomba uipokee kutoka kwa mwenyekiti wetu mbele ya wazazi na wanafunzi hawa. Tunaomba pia, utakapopewa nafasi ya kuzungumza, ututajie jina la ofisa tutakayemfuata na tarehe tutakayofika kwake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakutakia afya njema na safari njema ya kurudi. Wanafunzi wamekuandalia chupa mbili za sabuni ya maji na pakiti ya zabibu kavu, na bei imebandikwa kwenye kila moja ili uone walivyoikokotoa.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya walimu wa somo la Biashara