Panda wa plastiki naye ana mkia mweupe

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kupaka rangi sanamu ndogo za plastiki za kuunganisha, ili zifanane na wanyama wa kupendeza, ilinifurahisha, kwa kuwa ni nadra gazeti kuipa nafasi kazi inayofanyika kimya kimya mezani, chini ya taa. Hata hivyo, picha iliyoambatana nayo ilionyesha panda mwenye mkia mweusi, na maelezo yake yakadai kwamba yeyote mwenye brashi na rangi mbili anaweza kumgeuza dubu wa plastiki kuwa panda kwa jioni moja. Naomba nafasi ya kuyapinga yote mawili.

Mkia wa panda ni mweupe. Weusi wake uko masikioni, kuzunguka macho, puani, katika miguu yote minne na katika mkanda unaopita mabegani. Kosa hilo nalijua vizuri, kwani nililifanya katika sanamu yangu ya kwanza, na nilipojaribu kulirekebisha nikagundua kwamba rangi nyeupe haifuniki nyeusi kwa urahisi: nilipaka tabaka tano nyembamba na bado mkia ukabaki wa kijivu. Ndiyo maana wazoefu huanza na rangi nyepesi, wakaiacha ikauke kabisa, wakaziba sehemu zake kwa utepe wa karatasi, kisha ndipo wakapaka nyeusi.

Kabla ya hapo kuna kazi ambayo makala haikuigusa kabisa. Kipande kinapokatwa kutoka kwenye fremu ya plastiki inayoshikilia vipande huacha kijinundu, ambacho hupunguzwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa, kuanzia namba 400 hadi 800 au 1000, la sivyo kitaonekana wazi zaidi baada ya kupakwa rangi kuliko kilivyoonekana awali. Vipande huoshwa kwa maji na sabuni ili kuondoa mafuta ya vidole, vikakaushwa, vikapuliziwa rangi ya msingi. Ni kweli kwamba sanamu za aina ya Petit'gguy, yule dubu mdogo wa kampuni ya Kijapani ya Bandai, huungana bila gundi na plastiki yake tayari ina rangi, hivyo anayetaka kuunganisha tu anaweza kumaliza upesi. Kuunganisha na kupaka rangi, lakini, ni kazi mbili tofauti.

Kinachomfanya mnyama huyu apendeze ni uso wake. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza kwamba kichwa kikubwa, paji pana na macho makubwa yaliyokaa chini usoni hutufanya tuvutiwe na kiumbe kama tunavyovutiwa na mtoto mchanga. Panda ana bahati, kwa sababu mabaka meusi humwongezea ukubwa wa macho. Lakini mabaka hayo huinama kuelekea nje na chini, na mpakaji akiyachora kuwa duara kamili, panda huonekana kama karani aliyevaa miwani. Mimi huyachora kwanza kwa penseli, huiweka sanamu mbali kidogo, huitazama, na mara nyingi huyafuta.

Jambo zito zaidi ni usalama. Makala ilipendekeza tina, yaani kiyeyusha rangi, kwa kusafishia makosa, bila kutaja kwamba mvuke wake ni hatari katika chumba kilichofungwa, wala kwamba barakoa ya vumbi haiuzuii. Inahitajika ile yenye kichujio cha mvuke, na dirisha lililo wazi. Isitoshe, tina inayopenya kwenye maungio yaliyobanwa huweza kuipasua plastiki, na hapo hakuna rangi itakayoficha ufa. Watoto wapewe rangi za akriliki zinazochanganywa na maji. Tena, anayepulizia vanishi ya kumalizia asichague siku yenye unyevu mwingi hewani, kwani huweza kuganda kama ukungu mweupe, na panda akaonekana amemwagiwa unga.

Naomba, basi, mchapishe onyo kuhusu tina, na mkiirudia picha ile, mkia uwe mweupe. Panda wangu wa kwanza bado yuko rafuni, nimemweka mgongo ukielekea ukutani.

Wenu,
Msomaji na mpakaji wa sanamu ndogo