Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa klabu yetu ya filamu, Kigoma Ujiji

Wazee wetu shikamooni, wengine habari zenu. Taarifa hii ilikuwa nisome kwenye mkutano mkuu pale kibandani Mwanga, ila tulifika watu tisa na mmoja alikuja kuchaji simu, kwa hiyo naiweka hapa kila mtu asome mwenyewe, isije ikasemwa mwenyekiti alikaa kimya.

Shughuli za kawaida mnazijua. Jumamosi tumeonyesha filamu, turubai limezibwa, spika iliyoungua imebadilishwa, mabenchi mapya yapo, misiba tumehudhuria. Basi.

Sasa lile mnalonisema vijiweni, yaani ile filamu ya Kirusi usiku wa kutimiza miaka kumi ya klabu. Najua wengi mlitaka filamu ya ngumi. Mimi nikaamua Kin-dza-dza! na niliamua kwa mamlaka ya mwenyekiti, katiba inaruhusu, anayebisha aisome. Ni filamu ya mwaka 1986, ya studio ya Mosfilm, imeongozwa na Georgiy Daneliya, Wasovieti bado wapo madarakani na jamaa anawachekea waziwazi, na hapo unajiuliza walimwachiaje. Dakika 135, sehemu mbili. Wanaosema haina stori karibu wote waliondoka sehemu ya kwanza haijaisha, nilikuwa nimekaa mlangoni nawaona.

Stori ipo. Msimamizi wa ujenzi anatoka kwake Moscow kwenda kununua makaroni, anakutana na kijana mwenye fidla na mtu mmoja pekupeku anayedai katoka sayari nyingine, msimamizi haamini, anabonyeza kitufe, wapo jangwani sayari ya Plyuk. Huko utajiri ni njiti za kiberiti, hizi hizi mnazochokonolea meno. Ukiwa nazo unavaa suruali ya njano na watu wanakuchuchumalia, ukizidi kuwa nazo unavaa ya damu ya mzee na hata polisi hawaruhusiwi kukupiga usiku. Kuna makabila mawili ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha hata uvae miwani, mpaka kifaa kiwake taa ya chungwa au ya kijani ndo ujue nani bwana na nani anavaa kengele puani. Na maji hamna, maana bahari zao walishazigeuza mafuta ya vyombo vya kurukia. Sisi tunaoamka tunaliona ziwa Tanganyika kila siku hilo lilipaswa kutukalisha kimya, badala yake mtu anauliza mbona hakuna mwanamke mzuri.

Nimshukuru mzee wetu aliyesoma Urusi miaka ya themanini, alitutafsiria mwanzo mwisho kwa soda mbili na nauli ya bodaboda, ingawa ikumbukwe aliyemtafuta ni mimi.

Suala la suruali. Ni kweli usiku ule nilivaa ya damu ya mzee. Ile suruali ninayo tangu harusi ya binamu yangu, mashahidi wapo, na haihusiani na filamu. Sasa vijana wakiniona sokoni wanachuchumaa wanapiga mashavu wanasema "ku" kama wale wa Plyuk kwenye filamu, na juzi kafanya hivyo mweka hazina msaidizi, mtu mzima mwenye wajukuu. Naomba ikome. Halafu wanaofanya hivyo ndo wale wanaosema hawakuielewa filamu, mmejifunzia wapi kuchuchumaa?

Hesabu za usiku ule: viingilio 64,000, projekta ya kukodi 50,000, mafuta ya jenereta 30,000 maana umeme ulikata, viti 20,000, hasara 36,000 nimetoa mfukoni kwangu na risiti ziko nyumbani, anayetaka aje aone.

Na hasara inatoka wapi kama sio ada? Tupo wanachama 41, waliolipa 12,000 kamili ni 17, hiyo ni 204,000, wengine vipandevipande 31,000, jumla 235,000 na yote imeishia kwenye kodi ya kibanda na spika. Ada imekuwa kama deni la dagaa, ukimuona mdai unakatiza njia ya Kibirizi. Na wanaopiga kelele zaidi kuhusu Warusi majina yao kwenye daftari ni meupe peee, sitawataja, wanajijua, mmoja ana duka.

Mwakani Mungu akipenda tutaangalia uwezekano wa projekta yetu wenyewe, labda apatikane mfadhili, na wanafunzi wa sekondari waanze kuja. Filamu za ngumi zitakuwepo pia, sijakataa.

Uchaguzi ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi saa kumi jioni. Wapiga kura ni waliolipa ada tu na lazima wafike zaidi ya nusu. Akidi isipotimia, kwa mujibu wa katiba, mimi naendelea.