Kabla Hujalipia Kiwanja

Marahaba mwanangu. Salamu zako zimefika, na baba yako anakusalimu sana. Nimefurahi kuona una akiba, tena umeamua iende kwenye ardhi. Unasema dalali amekuonyesha eneo Goba, rafiki yako anakuvuta Kibada ya Kigamboni, na kazini wanakushauri fedha yote uiweke kwenye fremu ya duka Kariakoo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu mambo haya tunayakatisha katikati.

Cha kwanza ni maji. Kabla ya bei na kabla ya umbali, uliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi. Dar es Salaam ni mji wa mabonde: Msimbazi, Mto Ng'ombe, Mlalakuwa, Kizinga. Kiangazi bonde linakuwa tambarare safi na bei inashawishi. Unakumbuka mafuriko ya Desemba 2011, ulivyokuwa ukitazama taarifa ya habari huku umenishika mkono? Watu walikufa, na waliookolewa mabondeni wakapelekwa kuanza upya Mabwepande. Hata karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa Jangwani imefurika mara nyingi, na ile ilijengwa na wahandisi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe. Dalali hatakutajia hizo mita 60.

Kwa hiyo ukifika kiwanjani, tazama nyumba za majirani. Angalia ukuta kwa chini: kama kuna mstari wa tope, kama matofali yamelika, kama kizingiti kimeinuliwa kwa saruji mpya, kama kuna viroba vya mchanga karibu na mlango, eneo limeshajieleza lenyewe. Kisha nunua vitumbua kwa mama anayeuza hapo jirani, umuulize masika maji huwa yanafika wapi. Yeye halipwi chochote kwenye mauzo hayo, atakuambia ukweli. Goba ni milima na miteremko, usidhani kuwa juu kunatosha. Maji ya kilimani yanachimba makorongo, na korongo la leo linaweza kuwa chini ya msingi wako baada ya miaka michache.

Halafu karatasi, na hapa ndipo nina wasiwasi zaidi. Ardhi ya Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini wake. Unachopewa kwa hati ni haki ya kuimiliki kwa muda, miaka 33, 66 au 99. Eneo uliloonyeshwa Goba unasema halijapimwa, na muuzaji atakupa mkataba wenye muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri ule unaonyesha kwamba mmeuziana. Hauonyeshi kwamba alichouza kilikuwa chake. Mwalimu mwenzangu alinunua kwa kijana aliyerithi na nduguze, mashahidi wakatia sahihi, soda zikanywewa. Kumbe kijana hakuwa msimamizi wa mirathi, mahakama haikumteua. Nduguze wakaja, na msingi wa mwalimu yule umebaki na magugu hadi leo.

Nenda manispaa, mwombe afisa mipango miji akuonyeshe mchoro wa eneo hilo. Inawezekana pale unapoota sebule mchoro unasema barabara, au shule, au eneo la wazi. Unakumbuka zile X nyekundu Barabara ya Morogoro? Mwaka 2017, kuanzia Kimara kwenda Kiluvya, nyumba zilibomolewa kwa sababu zilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, zikiwemo za watu waliokaa pale miaka mingi wakilea watoto. Kama kiwanja kina hati, usiridhike na nakala yake ya kivuli. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, uone jina la mmiliki na kama benki imeshikilia hati kwa mkopo. Mpeleke mpimaji akatafute bikoni, yale mawe ya mipaka, moja moja. Na kama muuzaji ana mke au mume, sahihi ya mwenza wake iwepo.

Ukiniuliza moyo wangu uko wapi, nunua mahali ambapo barabara ilichorwa kabla ya nyumba. Sinza na Kijitonyama zilipimwa miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja na huduma uliosaidiwa na Benki ya Dunia, na wakati huo viwanja vile vilikuwa vya watu wa kipato kidogo. Leo unajua bei zake. Gari la zimamoto linapita, nguzo za umeme zina pa kusimama, na mwenye kiwanja ana karatasi ambayo benki inaiamini. Kibada ilipimwa hivyo hivyo kwenye ule mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002, pamoja na Tuangoma, Bunju na kwingineko. Ndiyo maana namuunga mkono rafiki yako.

Kigamboni nako kuna yake. Mpango wa mji mpya uliotangazwa 2008 uliwazuia watu wengi kuendeleza maeneo yao kwa miaka, kwa hiyo uliza kama kuna tamko lolote juu ya kitalu chako. Onja maji ya kisima, sehemu nyingine yana chumvi. Daraja lipo tangu 2016 lakini linalipiwa, na pantoni ikisumbua asubuhi, Posta unafika saa nne.

Kariakoo sikushauri. Kilemba, ile fedha ya kuingilia, utakacholipia fremu ni kikubwa, na bado jengo ni la mwingine, kodi atakupandishia yeye. Wewe uko ofisini kutwa, nani atakaa dukani? Na tangu lile ghorofa lililoporomoka Novemba 2024 na kuua watu, kila nikisikia una mpango huko naomba Mungu. Hao wanaosema Pugu kwa sababu ya treni ya SGR, wasikilize, lakini maswali ni yale yale.

Usikimbilie kununua. Panga chumba Kibada miezi sita, masika iwemo ndani. Najua dalali atachukua kodi ya mwezi mmoja, mpe. Utajua maji yanatoka siku zipi, umeme unakatika vipi, usiku unashuka kituoni na nani.

Nakuja mwezi wa tatu, tutakwenda wote kuona. Nitumie picha ya kila karatasi utakayopewa. Na usitoe hata shilingi ya kushikia kiwanja, hata dalali akikuambia kuna mtu anakuja na fedha kesho asubuhi.

Mama yako