Mkono haungoji uamuzi ukamilike

Mhariri,

Makala yenu kuhusu namna wateja wanavyochagua bidhaa ilieleza kwamba mtu huamua kwanza, kisha mkono hutekeleza. Vipimo vinaonyesha vingine.

Mwangalie mnunuzi pale Kariakoo, mbele ya mafungu mawili ya nyanya yanayolingana. Akiwa na haraka, mara nyingi mkono huondoka ukielekea katikati, ndipo ukakata kona kwenda fungu moja. Mwaka 2005 mwanasaikolojia Spivey na wenzake, huko Marekani, walilipima jambo hili kwa kipanya cha kompyuta, wakifuatilia njia ya mshale wake kwenye skrini. Mtu alipotajiwa mshumaa ili abofye picha yake, na pembeni kuna picha ya pipi, mshale ulivutwa kidogo upande wa pipi, kwa kuwa majina hayo kwa Kiingereza (candle na candy) huanza kwa sauti zilezile. Pembeni pakiwa na koti, mvuto huo ulipungua. Mwaka 2009 watafiti wengine, Resulaj na wenzake, walionyesha zaidi: watu walitazama vitone vinavyosogea kwenye skrini, wakasogeza mkono kuonyesha vinaelekea upande gani. Vitone vilifutwa mara mkono ulipoanza kusogea, lakini baadhi ya watu waliugeuza njiani, na mara nyingi waligeukia jibu sahihi. Ubongo ulikuwa bado unachambua ulichokwisha kukiona.

Kwa kampuni za utafiti wa masoko hapa Dar zinazotaka kutumia mbinu hii ya kufuatilia mshale, tahadhari. Kitufe cha kuanzia kikae chini katikati, majibu mawili juu kushoto na kulia, na pande zibadilishwe kila mara, maana mkono wenyewe una upande unaoupendelea. Zimeni mpangilio unaoongeza kasi ya kipanya. Rekodini mshale walau mara 60 kwa sekunde.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kumwacha mtu afikirie wee kabla hajasogeza. Njia ya mshale itatoka imenyooka, nanyi mtaandika kwamba hakusita! Swali litokee baada tu ya mshale kuanza kwenda. Halafu msikimbilie wastani wa njia zote. Njia nyingi zilizonyooka zikichanganywa na chache zilizogeuka ghafla, hutoka mkunjo laini ambao hakuna mtu aliyeuchora. Kila njia itazamwe peke yake.

Na hojaji za kwenye simu hazifai kwa kazi hii. Kidole husafiri hewani, skrini ikanasa mguso wa mwisho tu.

Wasomaji wenu,
Dar es Salaam